Injini Imefungwa Upya na Haiwaki: Anzia Palipoguswa

Gari liliingia gereji likitembea lenyewe. Belti ya taimingi ilikuwa imefika muda wake, au gasketi ya silinda hedi ilikuwa inavujisha maji, au klachi ilikuwa imeisha. Kazi imefanyika, kila nati imerudi mahali pake, ufunguo umezungushwa. Stata inalia, injini inazunguka, haiwaki. Inajaribiwa tena. Haiwaki.

Hapo ndipo pesa nyingi hupotea bila sababu. Pampu ya mafuta inanunuliwa kabla ya kupimwa. Koili zinabadilishwa kwa kukisia. Kompyuta ya injini inachomolewa ikatazamwe na mtu mwingine. Na mara nyingi, baada ya yote hayo, chanzo kinakutwa kuwa soketi moja iliyobaki inaning'inia nyuma ya injini, mahali ambapo jicho halifiki mpaka uinamishe kichwa.

Tatizo hili lina jambo moja linalolitofautisha na lile la gari lililozimika barabarani. Katika gari lililozimika lenyewe, hitilafu inaweza kuwa popote. Hili letu lilikuwa linawaka. Kati ya kuwaka kwake na kutowaka kwake imepita mikono ya mtu, na mikono hiyo haikugusa gari zima. Iligusa sehemu chache zinazoweza kutajwa moja moja. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ni kifaa gani kimekufa, uliza mikono ilipita wapi.

Chukua karatasi uandike. Kila bomba lililochomolewa, kila soketi iliyofunguliwa, kila fyuzi iliyotolewa, kila kifaa kipya kilichoingia. Usiishie kwenye kazi iliyokusudiwa. Andika na vile vilivyosogezwa ili kupata nafasi. Anayebadilisha klachi anaweza kusema hajagusa injini. Lakini giaboksi haishuki mpaka stata ifunguliwe, waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye betri) ung'olewe, na katika magari mengi sensa ya krenkishafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), ile inayosoma meno ya fulaiwili, gurudumu zito lililo mwisho wa shafti hiyo, itolewe au isogezwe. Hivyo ni vitu vitatu, na kila kimoja peke yake kinatosha kulizuia gari lisiwake. Fundi ataapa kwamba injini hakuigusa, na kwa jinsi anavyoielewa kazi yake atakuwa anasema kweli.

Vifaa vipya navyo viandikwe kwa uzito uleule. Sensa iliyotoka kwenye boksi leo inaweza kuwa mbovu, au ikawa ya injini nyingine inayofanana na hii kwa umbo tu. Kama kifaa cha zamani kilikuwa kinafanya kazi na bado hakijatupwa, kukirudisha ni kipimo cha dakika kumi kisichohitaji senti.

Hata hivyo wazo hili lisigeuzwe kuwa hukumu juu ya fundi. Jambo kutokea baada ya matengenezo si lazima liwe limetokana nayo. Gari lililokaa siku nne milango wazi, taa ya ndani ikiwaka na ufunguo ukiachwa kwenye swichi, betri yake itashuka bila mtu kukosea chochote ndani ya injini. Ndiyo maana tunaanza na betri ingawa haimo kwenye karatasi yako.

Inazunguka au haizunguki?

Neno "haliwaki" linabeba magonjwa mawili yasiyo ndugu. La kwanza ni injini isiyozunguka ukipiga stata. La pili ni injini inayozunguka vizuri lakini haishiki. Ukimpigia fundi simu ukasema "haliwaki" tu, bado hujamwambia kitu cha kumsaidia.

Isipozunguka, shika multimita. Betri nzima iliyopumzika husoma takriban volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki na nusu ya chaji, na chini ya 12 ihesabu kuwa imeisha. Kisha pima tena wakati mwenzako anapiga stata, kwa sababu betri iliyochoka inaweza kuonyesha namba nzuri ikiwa imepumzika halafu ikaanguka mara inapobebeshwa mzigo. Ikishuka chini ya volti 9.6 hivi, ichaji au ibadilishe kabla ya kuhangaika na lingine lolote. Betri ya aina hiyo hupoteza watu njia kwa namna nyingine pia: inaweza kuizungusha injini polepole huku kompyuta na koili zikikosa umeme wa kutosha, ukadhani tatizo ni cheche.

Mlio nao unasema. Tiktiktik za haraka ni betri dhaifu au vichwa vya betri vilivyolegea. Tik moja nzito na kimya baada yake ni stata inayojaribu kushika huku umeme mkubwa haupiti. Kimya kitupu kinakupeleka kwenye swichi ya gia ya otomatiki au ya pedali ya klachi, kwenye rilei ya stata, au kwenye ule waya mwembamba wa stata ambao ni rahisi kusahaulika kwa kuwa uko chini na unafungwa kwa kupapasa.

Kisha kuna ethi. Naikazia kwa sababu ndiyo inayosahaulika kuliko vyote. Injini imekalia mipira, na mpira haupitishi umeme. Umeme wa stata hurudi kwenye betri kupitia waya mnene, mara nyingi wa kusukwa, unaounganisha injini au giaboksi na bodi. Waya huo ukiachwa bila kufungwa, umeme hutafuta chuma kingine chochote cha kupitia: kebo ya gia, kebo ya pedali ya mafuta. Kebo hizo hupata joto hadi zikatoa moshi, na mwenye gari anaanza kuogopa moto wakati tatizo ni bolti moja. Kipimo chake ni rahisi. Ncha moja ya multimita weka kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma safi cha injini, kisha stata ipigwe. Ukisoma zaidi ya volti 0.3 hivi, umeme unapata taabu kurudi. Waya unaweza kuwa umefungwa, lakini juu ya kutu au rangi mpya.

Kuna hali moja ya kutozunguka inayotaka usimame papo hapo. Stata inasukuma, injini inajongea kidogo, halafu inagota kama imekutana na ukuta. Kama kazi iliyofanyika ilikuwa ya silinda hedi, shuku maji ndani ya silinda, kwa kuwa hedi inaponyanyuliwa maji ya kupoza yaliyobaki kwenye mifereji humwagika juu ya pistoni. Hewa hugandamizwa, maji hayagandamiziki. Ukilazimisha, na hasa ukilisukuma gari likiwa kwenye gia, konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na krenkishafti, hupinda. Toa plagi zote, zima umeme wa koili (zinazotoa cheche) na nozeli (zinazopuliza mafuta), kaa kando ya matundu, zungusha injini. Kilichomo kitaruka nje.

Sikiliza kabla ya kufungua

Sasa tuseme inazunguka. Injini ya petroli inataka hewa, mafuta, mgandamizo na cheche, na vyote vinne vikutane kwa wakati wake. Dizeli haina cheche. Joto la hewa iliyobanwa sana ndilo linalowasha mafuta yanapopulizwa ndani. Mpangilio wa mapigo manne ambao injini ya Nikolaus Otto ya 1876 iliufuata ni uleule: kuvuta, kubana, kulipuka, kutoa. Injini isiyowaka imekosa kimojawapo cha vitu hivyo, au vyote vipo lakini vinafika kwa zamu isiyo yao.

Kabla ya 1912, Cadillac ilipoanza kuuza magari yenye stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, dereva alizungusha injini kwa hendeli. Kazi ilikuwa ngumu na ya hatari, lakini mkono wake ulihisi kila silinda inapobana. Leo kazi hiyo inafanywa na sikio. Injini yenye mgandamizo mzuri huzunguka kwa mdundo: stata inalemewa kidogo, inaachia, inalemewa tena, kwa vipindi sawa. Injini isiyo na mgandamizo huzunguka kwa kasi na sauti laini ya mfululizo, kama mota isiyo na mzigo. Mdundo ukiwa unachechemea, silinda moja au mbili hazibani.

Sauti laini ya mfululizo baada ya kazi ya belti, cheni au hedi ni habari nzito. Acha stata. Watu wengi hapo ndipo hung'ang'ana na ufunguo, na mkamia maji hayanywi. Hata injini isiyo na dalili hiyo isipigwe stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Iache stata ipoe nusu dakika au zaidi kabla ya kurudia.

Jino moja la taimingi

Krenkishafti, au krenki, huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa kemshafti, au kemu, shafti inayofungua valvu za hewa na za moshi. Uhusiano huo ndio unaoamua valvu ifunguke pistoni ikiwa wapi, na unashikiliwa na belti au cheni peke yake. Gia ya krenki yenye meno 20 ikiruka jino moja, krenki imepishana na kemu kwa nyuzi 18. Yenye meno 24 ni nyuzi 15. Kwa jino moja injini nyingi bado zitawaka, ila zitatetemeka na kukosa nguvu. Kwa mawili au matatu zinaweza zisiwake kabisa, na katika injini ambazo valvu na pistoni hutumia nafasi ileile kwa zamu, valvu zitagongwa na kupinda.

Alama zinapishanaje wakati fundi alizilinganisha kwa makini? Mara nyingi kosa liko kwenye kulegea. Belti inavalishwa huku ulegevu umebaki upande unaovutwa badala ya upande wa tenshena, kifaa kinachokaza belti. Tenshena inapoachiwa, inanyonya ulegevu na gia moja inajisogeza. Au kemshafti yenyewe, ikisukumwa na springi za valvu, iliruka kidogo belti ya zamani ilipotoka, na hakuna aliyeona. Au pini ya tenshena haikuchomolewa, belti ikabaki bila mkazo na ikaruka mara ya kwanza stata ilipopigwa.

Kinga ya haya yote ni ya mkono. Kabla stata haijaguswa, zungusha injini kwa spana kwenye bolti ya krenki, kuelekea upande inakozunguka kikawaida, mizunguko miwili kamili. Alama zote zirudi mahali pake. Ukihisi chuma kimekutana na chuma, usiongeze nguvu. Rudi nyuma ukatazame. Ingekuwa juu yangu, hakuna injini iliyoguswa taimingi ingepigwa stata kabla ya mizunguko hiyo miwili. Inachukua dakika chache, na kuiruka kunaweza kugharimu seti nzima ya valvu.

Mizunguko inakuwa miwili, na si mmoja, kwa sababu pistoni ya silinda namba moja hufika kileleni mara mbili katika kila duru: mara moja ikimaliza kubana, mara nyingine ikimaliza kutoa moshi. Alama ya krenki haitofautishi vilele hivyo. Kwenye magari yenye distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa kila plagi, hapo ndipo mtego ulipo. Ikirudishwa wakati pistoni iko kwenye kilele cha kutoa moshi, cheche itapiga valvu za hewa zikianza kufunguka, na injini itatema moto kupitia manifoldi (bomba la kuingizia hewa) au itapiga mshindo kwenye ekzosi. Kupata kilele sahihi, toa plagi ya silinda ya kwanza, ziba tundu kwa kidole, mwenzako azungushe injini polepole kwa spana. Hewa ikisukuma kidole, pistoni inapanda kubana. Hakikisha pia waya za plagi zimefuata mpangilio wa injini hiyo. Injini nyingi za silinda nne zilizopangwa mstari hulipua kwa mpangilio wa 1-3-4-2, lakini zipo za 1-2-4-3, na aliyezoea aina moja huikosea nyingine akiwa na uhakika kamili.

Mashaka yakibaki, pima kompresheni. Plagi zote nje, mafuta na cheche vimezimwa, throtoli (kilango cha hewa) imefunguliwa hadi mwisho, betri imejaa. Injini nzima ya petroli husoma takriban kati ya bar 10 na 14, na silinda zisipishane sana. Tofauti ya zaidi ya asilimia 15 inataka maelezo. Silinda zote zikiwa chini kwa usawa, fikiria taimingi. Mbili za jirani zikiwa chini, fikiria gasketi kati yao. Moja ikiwa chini, mwagia kijiko cha oili ndani yake upime tena: namba ikipanda, ringi ndizo zinazovujisha, isipopanda, tazama valvu.

Valvu zina kisa chao baada ya hedi kushughulikiwa. Viti vikisagwa, valvu huingia ndani zaidi na mkia wake hupanda juu, hivyo ule mwanya mdogo kati yake na kemu hupungua. Usiporekebishwa, valvu haifungi kabisa, na silinda haibani hata kama taimingi imenyooka. Kwa injini zenye taipeti za oili (visukumio vya valvu vinavyojazwa oili), taipeti iliyojaa oili inaweza kuishikilia valvu wazi mara tu baada ya kemu kufungwa. Iache injini itulie kabla ya kuizungusha, kwa muda ambao mwongozo wa injini hiyo umeutaja.

Kompyuta isiyoona mzunguko

Mgandamizo ukiwa mzuri, tunageukia umeme. Katika injini za nozeli za umeme, kompyuta haitoi cheche wala mafuta mpaka ijue krenki inazunguka, na inajua hilo kwa sensa moja. Sensa ya krenki ikinyamaza, kompyuta inaamini injini imesimama hata kama wewe unaisikia ikizunguka. Ndiyo maana kukosa cheche na mafuta kwa pamoja kusikupeleke kununua koili na pampu. Vifaa viwili kufa siku moja ni nadra. Sensa inayovitawala vyote viwili kukosa mawasiliano ni jambo la kawaida.

Chomeka skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, tazama kasi ya injini huku stata ikipigwa. Inapaswa kusoma mizunguko 150 hadi 300 hivi kwa dakika. Ikibaki sifuri, fuata waya wa sensa hiyo kwa mkono: soketi haijabofya hadi mwisho, waya umebanwa kati ya giaboksi na injini, ncha ya sensa imenasa unga wa chuma, au imefungwa mbali na meno inayoyasoma. Kosa jingine linalofanana na hili ni soketi mbili zenye umbo moja kubadilishana nafasi.

Mfumo wa pamoja wa kusoma hitilafu umekuwa lazima kwa magari mapya Marekani tangu matoleo ya 1996, na baadaye Ulaya, kwa hiyo misimbo mingi ni ileile kwa gari lolote. P0335 inahusu saketi ya sensa ya krenki. P0340 ni ya sensa ya kemu. P0016 inasema krenki na kemu hazikubaliani, na ikitokea siku ya kubadilisha belti, funua kava la taimingi kabla ya kufanya lingine. Ila msimbo unataja mahali pa kutazama. Haujathibitisha kwamba kifaa ni kibovu. Na kama ufunguo uliwashwa soketi zikiwa wazi wakati wa kazi, kompyuta imehifadhi hitilafu ambazo hazipo tena. Futa yote, piga stata, soma upya. Kitakachorudi ndicho cha leo.

Cheche yenyewe ijaribiwe kwa kifaa chake cha kupimia. Koili hutoa makumi ya maelfu ya volti, na desturi ya kushika waya karibu na chuma ili kuona cheche inaweza kuunguza koili, kukutupa nyuma, au kuwasha mvuke wa petroli uliopo juu ya injini uliyotoka kuifungua.

Hapo hapo kagua fyuzi na rilei. Fyuzi kubwa zilizo karibu na betri hukatika spana inapogusa mahali pasipotakiwa, na rilei zenye umbo moja hurudishwa kwenye matundu yasiyo yake.

Mafuta

Petroli kwanza. Ukiwasha swichi bila kupiga stata, pampu ya tangi katika magari mengi hulia kwa takriban sekunde mbili kisha hunyamaza. Ukiisikia, ina umeme. Mfumo uliofunguliwa, mathalani kubadilisha filta, umejaa hewa, na kuwasha na kuzima swichi mara tatu nne kunajaza bomba upya. Kulia kwa pampu hakuthibitishi presha. Geji ndiyo inayothibitisha. Mifumo mingi ya kupuliza mafuta kwenye manifoldi hufanya kazi kati ya bar 3 na 4 hivi. Bomba la kwenda na la kurudi yakibadilishana, pampu italia vizuri na presha haitakaa sawa.

Toa plagi uitazame. Plagi kavu baada ya stata nyingi inasema mafuta hayafiki. Plagi iliyolowa inasema yanafika lakini hayawaki, na baada ya majaribio mengi kulowa huko kunakuwa tatizo jipya juu ya lile la kwanza: petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi zinaacha kubana, mgandamizo unashuka. Injini iliyotoka kufungwa upya huathirika zaidi kwa sababu ringi bado hazijakaa. Magari mengi ya nozeli za umeme yamewekewa njia ya kujikausha: kanyaga pedali ya mafuta hadi mwisho kabla ya kupiga stata, uishikilie, na kompyuta hukata mafuta na kuacha hewa ipite. Isiposaidia, toa plagi, zikaushe, weka oili kidogo sana kwenye kila silinda, zungusha kabla ya kuzirudisha.

Dizeli, mara nyingi, adui ni hewa. Kipovu kwenye bomba hubanwa badala ya mafuta kusukumwa, na nozeli hazifunguki. Pampu ya mkono iliyo juu ya filta, kama ipo, ibonyezwe mpaka iwe ngumu. Pete za mpira na vioo vya filta vikaguliwe, kwa kuwa tundu dogo linaweza kuvuta hewa bila kuvuja hata tone. Kwenye dizeli za zamani mafundi hulegeza nati za mabomba ya nozeli ili hewa itoke. Usifanye hivyo kamwe kwenye dizeli za kisasa za reli ya pamoja. Presha yake hupita bar 1,000, katika nyingi hukaribia 2,000, na mchirizi mwembamba wa mafuta kwa nguvu hiyo hupenya ngozi na kuingia mwilini. Jeraha huonekana dogo kama tundu la sindano, na ni dharura ya hospitali siku hiyohiyo. Vilevile, dawa ya kupuliza ya kuwashia yenye etha isikaribie dizeli yenye plagi za joto; inaweza kulipuka ndani ya manifoldi.

Vitambaa, ufunguo na yale ya dakika moja

Hewa ina machache. Fundi mzuri huziba midomo ya manifoldi kwa kitambaa ili bolti isitumbukie, na kitambaa hicho kinaweza kubaki. Hesabu vitambaa vyako. Ekzosi iliyozibwa kwa sababu hiyohiyo huizuia injini kupumua nje, na injini isiyotoa haiwezi kuvuta.

Imobilaiza, mfumo wa kuzuia wizi unaotambua ufunguo wa gari, hukaguliwa kwa jicho. Kuna taa ya ufunguo au kufuli kwenye dashibodi. Ikimweka kwa haraka stata inapopigwa, gari halijautambua ufunguo. Katika baadhi ya magari stata hukataa, katika mengine injini huzunguka, pengine hata kushika kwa sekunde moja, kisha mafuta hukatwa. Soketi ya koili iliyo kuzunguka tundu la ufunguo hufunguliwa pamoja na kava la usukani, na kompyuta iliyotoka gari jingine haitakubali ufunguo wako mpaka ifundishwe. Magari mengine yana swichi ya ajali inayokata pampu likigongwa. Kishindo cha jeki kuteleza kinaweza kuibonyeza.

Injini inayowaka sekunde chache na kuzimika iko karibu na uzima kuliko inavyoonekana, kwani imekwisha kuthibitisha mgandamizo, cheche na taimingi ya kutosha. Tafuta bomba la hewa lililochomoka baada ya kipimo cha hewa, kwa kuwa hewa isiyohesabiwa na kompyuta inaingia na mafuta hayalingani nayo. Tafuta pia throtoli ya umeme iliyosahau nafasi yake betri ilipofunguliwa. Nyingi hujifunza upya kwa utaratibu ulioandikwa kwenye mwongozo wa gari.

Na hatimaye ikishika, usikanyage mafuta kushangilia. Tazama taa ya oili kwanza: katika injini iliyofungwa upya inapaswa kuzimika ndani ya sekunde chache, na isipozimika, zima injini mara moja. Ikizimika, iache ingurume taratibu, geji ya joto ipande, hewa iliyobaki kwenye maji ya kupoza itoke, huku ukipita na tochi kando ya kila kiungo kilichomo kwenye karatasi yako, ukitafuta tone.